Mvinyo mwekundu mzito wa Ufaransa: Médoc, Châteauneuf-du-Pape, Cahors au Madiran, na chakula cha kila mmoja

Mwenye duka akikuuliza unataka mvinyo gani, nawe ukajibu "mwekundu, mzito, wa Kifaransa", bado hajapata pa kuanzia. Mivinyo mizito ya Ufaransa ni mingi na inatofautiana sana. Upo utakaokukausha ulimi mpaka utamani kipande cha nyama, na upo utakaopita kooni kwa ulaini na kukuachia joto kifuani. Wa kwanza ukiuweka kando ya samaki wa kupaka, vyote viwili vinaharibika. Wa pili ukiuweka mbele ya mbavu zinazochuruzika mafuta, nyama inaumeza, hujui hata kama umekunywa.

Hapa naweka minne mezani. Yote ni ya jadi, yote ni mizito, na yote hupatikana nje ya Ufaransa bila kuhangaika sana: Médoc wa Bordeaux, Châteauneuf-du-Pape wa bonde la Rhône, Cahors wa mto Lot, na Madiran wa chini ya milima ya Pyrenees. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: anza na sufuria, lebo ifuate. Ukishajua unapika nini, kina mafuta kiasi gani na kama kina pilipili, chupa mbili kati ya hizi nne zitajiondoa zenyewe.

## Tunapima kwa vigezo gani

Ukakasi. Ngozi na mbegu za zabibu zina tanini, kitu kilekile kinachokausha mdomo unapong'ata bibo la korosho. Tanini hupenda kushikana na protini. Mdomo ukiwa mtupu hushikana na protini za mate, ndiyo maana ulimi unakauka. Mdomo ukiwa na nyama, hupata kazi nyingine ya kufanya, na mafuta ya nyama hufunika ulimi usikwaruzwe. Hiki ndicho kigezo kikubwa kuliko vyote kwa mivinyo hii minne.

Kilevi. Yote iko kati ya asilimia 13 na 15. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye lebo, lakini mdomoni ni kubwa. Kilevi kingi huleta joto na hisia ya utamu, na huchochea pilipili.

Uchachu. Ndio unaosafisha mdomo baada ya mafuta, ukawa tayari kwa tonge linalofuata.

Muda na bei. Kuna mivinyo ya kunywa ukiwa bado mchanga na kuna inayodai miaka chupani. Bei nazo zinapishana mno, na mara nyingi bei inafuata umaarufu wa jina zaidi ya kilichomo ndani.

Ukitaka kuuelewa ukakasi bila mwalimu, fungua chupa kabla chakula hakijaiva. Kunywa funda moja peke yake, uone ulimi unavyokaza. Kisha kata kipande cha nyama chenye mafuta, kinyunyizie chumvi, kitafune vizuri, na kabla hujamaliza kumeza kunywa funda la pili. Mvinyo ni uleule, lakini ukavu umepungua, na ladha ya matunda iliyokuwa imejificha nyuma yake imetokea. Jaribio hilo dogo litakusaidia kuchagua kuliko maelezo yoyote ya nyuma ya chupa.

## Médoc

Unakotoka. Médoc ni rasi nyembamba kaskazini mwa jiji la Bordeaux, kati ya bahari ya Atlantiki na mlango wa mto Gironde. Sehemu kubwa ilikuwa mabwawa mpaka karne ya 17, wahandisi wa Kiholanzi walipoyakausha na vilima vya changarawe vikapata nafasi ya kupandwa mizabibu. Changarawe hupitisha maji upesi na hutunza joto, na zabibu ya Cabernet Sauvignon, ambayo huchelewa kuiva, inahitaji yote mawili. Huchanganywa na Merlot ili ipate ulaini, na mara nyingi Cabernet Franc kidogo.

Mwaka 1855, kwa ajili ya Maonyesho ya Kimataifa ya Paris chini ya Napoleon III, madalali wa Bordeaux waliyapanga mashamba katika madaraja matano kwa kuangalia bei zake sokoni. Orodha hiyo bado inatumika, na badiliko linalokumbukwa zaidi ni la mwaka 1973, Mouton Rothschild lilipopandishwa kuwa daraja la kwanza. Mashamba matatu kati ya matano ya daraja hilo, yaani Lafite, Latour na Mouton, yako katika kijiji kimoja, Pauillac.

Mdomoni. Matunda meusi yasiyo na sukari nyingi, harufu ya mti wa mwerezi, tumbaku, na kitu kinachofanana na penseli iliyochongwa sasa hivi. Ukakasi upo wa kutosha, ila umenyooka, haukwaruzi ovyo. Uchachu uko wazi. Kilevi mara nyingi ni asilimia 13 hadi 14.

Mezani. Watu wa huko wana mlo wao, na ukiuelewa umeuelewa mvinyo wenyewe. Wakati wa baridi mizabibu hupogolewa, vijiti hufungwa matita na kukaushwa, na hivyo ndivyo hutumika kuchomea nyama. Huwaka kwa moto mkali wa muda mfupi na kuacha makaa madogo yenye joto kali. Steki nene ya mbavuni, yenye michirizi ya mafuta ndani, huwekwa juu ya makaa hayo mpaka nje inakamata rangi ya kahawia iliyokolea huku ndani ikibaki nyekundu, halafu humwagiwa vitunguu vidogo vilivyokatwakatwa. Hiyo ndiyo *entrecôte* ya Kibordeaux. Pauillac pia ina mwanakondoo wake wa kunyonya, ambaye huchomwa kwa tanuri na viungo vichache tu.

Kwetu nyama huchomwa mpaka ikauke kabisa, na hapo Médoc mchanga unakuwa mgumu, ukavu juu ya ukavu. Ama chagua sehemu yenye mafuta, ama ishushe nyama ikiwa bado na maji yake.

Muda na bei. Hali ya hewa ya pwani ya Atlantiki hubadilika, kwa hiyo mwaka wa mavuno una uzito zaidi hapa kuliko kwa wenzake watatu. Majina ya 1855 yameshapaa, na mengi si ya mtu anayetafuta chakula cha Jumapili. Lakini usikimbie. Lebo zilizoandikwa Haut-Médoc, Moulis, Listrac au Cru Bourgeois hutoa mvinyo wa kweli wa eneo hili kwa bei ya kibinadamu, na mara nyingi huwa tayari baada ya miaka mitano hadi kumi.

Unamfaa anayependa mvinyo mkavu wenye adabu, asiyetaka utamu, na anayepika nyama nzuri kwa chumvi na moto bila mambo mengi.

## Châteauneuf-du-Pape

Unakotoka. Kusini mwa Rhône, karibu na Avignon, ambako mapapa waliishi kuanzia mwaka 1309 hadi 1377. Papa Yohane XXII alijenga ngome yake ya mapumziko hapa, na mabaki yake bado yamesimama juu ya kijiji. Sehemu kubwa ya mnara iliharibiwa mwaka 1944 wakati wa vita. Chupa nyingi zina alama ya funguo za kipapa iliyochomoza kwenye kioo.

Eneo hili lina nafasi ya pekee katika sheria za mvinyo. Mwaka 1923 wakulima wakiongozwa na Baron Le Roy wa Château Fortia walijiwekea masharti juu ya mipaka ya mashamba, aina za zabibu na kiwango cha chini cha kilevi, ili wachakachuaji waliokuwa wakilitumia jina lao wazuiwe. Masharti hayo yalikuwa msingi wa mfumo wa taifa zima wa kulinda majina, na Châteauneuf-du-Pape ikawa miongoni mwa majina ya kwanza kutambuliwa, mwaka 1936. Zabibu lazima zichumwe kwa mkono. Aina 13 zinaruhusiwa, lakini Grenache ndiye mwenye nyumba. Syrah na Mourvèdre humsaidia kwa rangi na ukakasi.

Picha utakazoziona ni za mawe makubwa ya mviringo yaliyofunika ardhi, yanayofyonza jua mchana na kuachia joto usiku. Si mashamba yote yako hivyo. Mengine ni mchanga mtupu, na mvinyo wake huwa laini zaidi. Upepo wa mistral unaovuma kutoka kaskazini hukausha mizabibu baada ya mvua na kupunguza ukungu.

Mdomoni. Huu ndio wenye joto kuliko wote. Kilevi cha asilimia 14.5 au 15 ni cha kawaida. Matunda mekundu yaliyoiva sana, majani makavu ya milimani, pilipili manga kidogo, na ukizeeka, harufu ya ngozi. Ukakasi ni mdogo kuliko wa wenzake, uchachu nao ni wa chini. Unajaza mdomo bila kuukausha.

Mezani. *Daube* ya Provence, yaani nyama ya ng'ombe inayochemka polepole kwa saa nyingi ndani ya mvinyo mwekundu pamoja na karoti, thaimu na ganda la chungwa, mguu wa mwanakondoo uliotiwa kitunguu saumu na rozmari, uyoga, biringanya na nyanya zilizopikwa kwa mafuta ya zeituni. Kwa kuwa hauna ukakasi mkali, hauhitaji mafuta ya nyama kuutuliza, na hiyo ndiyo inayoufanya uivane hata na sahani isiyo na nyama.

Huu pia ndio naouona unaelewana zaidi na viungo vya chakula cha pwani ya Afrika Mashariki. Mdalasini, karafuu, iliki na bizari ya pilau havigombani nao. Pilipili kali ndiyo itakayogombana nao, kwa sababu ya kilevi. Tofautisha viungo na pilipili, na utakuwa umepata nusu ya jibu.

Muda na bei. Mingi inanyweka mapema, hata ikiwa na miaka mitatu au minne, ingawa ile bora hudumu muda mrefu. Wa bei rahisi ni nadra. Ukiukuta kwa bei ya kushangaza, jihadhari. Majirani zake Gigondas na Vacqueyras, au chupa nzuri ya Côtes du Rhône Villages, wanakupa tabia ileile ya jua kwa pesa kidogo zaidi.

Unamfaa anayeanza kuhama kutoka mivinyo mitamu, ikiwemo ile ya Dodoma ambayo wengi wetu tuliijua kwanza, na anayepika vyakula vya kuiva polepole vyenye mchuzi mzito.

## Cahors

Unakotoka. Mji wa Cahors umezungukwa na kona ya mto Lot, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Zabibu yake ni Malbec, ambayo wenyeji huiita Côt au Auxerrois, na sheria inataka iwe angalau asilimia 70. Inayobaki ni Merlot na Tannat. Jina Cahors ni la mvinyo mwekundu tu.

Historia yake ni ya kuonewa na kunyanyuka. Mvinyo ulisafiri kwa mashua kushuka Lot na Garonne mpaka bandari ya Bordeaux, na huko wafanyabiashara walikuwa na haki maalumu za kuizuia mivinyo ya bara isiuzwe mpaka ya kwao imekwisha pata wanunuzi. Haki hizo zilifutwa mwaka 1776. Karne iliyofuata mdudu wa filoksera akaiteketeza mizabibu. Februari 1956 baridi kali ikaua karibu yote iliyopandwa upya. Kikundi kidogo cha wakulima kikaanza tena, na mwaka 1971 wakapata hadhi kamili ya jina linalolindwa. Napenda kuyajua haya ninapoufungua, kwa sababu bei yake ya chini haina uhusiano na thamani ya kazi iliyomo ndani.

Mdomoni. Zamani uliitwa mvinyo mweusi, na ukiuangalia kwenye glasi utaelewa: zambarau iliyokolea mpaka pembeni. Ladha yake ina zambarau zilizoiva, ua la urujuani, wakati mwingine harufu ya chuma na udongo uliolowa. Ukakasi ni wa kati hadi mkubwa, uchachu ni mzuri. Anayeijua Malbec ya Argentina, ambayo miche yake ilitoka Ufaransa katika karne ya 19, asitegemee kitu kilekile. Ya Argentina ni nene na ina ladha ya utamu. Ya Cahors imenyooka zaidi na inakaza mwishoni.

Mahali pa shamba panabadilisha mambo. Matuta ya chini karibu na mto hutoa mvinyo mwepesi wa kunywewa mapema. Matuta ya juu na uwanda wa mawe ya chokaa hutoa mgumu zaidi. Lebo ikitaja *causse*, yaani uwanda huo, upe muda.

Mezani. Mapaja ya bata yaliyopikwa polepole ndani ya mafuta yake, mwanakondoo wa Quercy, uyoga wa trufi ambao mji wa jirani wa Lalbenque una soko lake mashuhuri, na jibini dogo la maziwa ya mbuzi la Rocamadour. Pia *cassoulet*, chungu cha maharage meupe, soseji na nyama ya bata au nguruwe, kinachookwa mpaka juu kinapata ganda.

Mbuzi wa kuchoma anaupenda mvinyo huu. Nyama ya mbuzi ina harufu yake na haina mafuta mengi kama mbavu za ng'ombe. Médoc mchanga huiumiza, Châteauneuf huifunika. Cahors una nguvu ya kukutana na moshi na ngozi iliyoungua, halafu unaiacha nyama iongee. Hata maharage ya kawaida yaliyoungwa kwa kipande cha nyama na kitunguu cha kutosha yanakaa nao vizuri.

Muda na bei. Kati ya yote minne, hapa ndipo pesa ndogo inapokwenda mbali zaidi, pamoja na Madiran. Mepesi kunywa ndani ya miaka mitatu hadi mitano. Ya juu inaweza kungoja kumi au zaidi.

Unamfaa anayetaka mvinyo wenye tabia bila kulipia jina, na anayechoma nyama mara kwa mara.

## Madiran

Unakotoka. Gascony, kwenye vilima vinavyotazama Pyrenees. Ulitambuliwa kisheria mwaka 1948. Zabibu ni Tannat, yenye ngozi nene na tanini nyingi sana. Baadhi ya wakulima huitumia peke yake, wengine huipoza kwa Cabernet Franc au Cabernet Sauvignon. Ugumu wake ulikuwa maarufu kiasi kwamba mwaka 1991 mkulima wa hukohuko, Patrick Ducournau, alibuni njia ya kupitisha mapovu madogo sana ya oksijeni kwenye mvinyo ukiwa ndani ya pipa kubwa, ili tanini zilainike mapema. Njia hiyo leo inatumika sehemu nyingi duniani. Alain Brumont wa Château Montus naye alifanya kazi kubwa ya kuirudishia Tannat heshima.

Mdomoni. Matunda meusi, kakao chungu, moshi. Ukakasi ni mkubwa kuliko wa wote wanne, na uchachu nao uko juu. Ukiunywa peke yake ukiwa mchanga, unaweza kudhani chupa ina kasoro. Haina. Inangoja chakula.

Mezani. Gascony ni nchi ya bata, na mvinyo na mapishi vimekua pamoja. Chukua kifua cha bata mnene, *magret*. Chanja ngozi kwa kisu bila kufika kwenye nyama, tia chumvi, kilaze ngozi chini kwenye kikaango kisicho na mafuta wala moto, ndipo uwashe. Joto likipanda taratibu, mafuta yanaanza kutoka yenyewe, mengi kiasi cha kuyamimina kwenye bakuli; yatakaangia viazi baadaye. Ngozi ikishakuwa ya kahawia na ukiigusa inalia, geuza upande wa nyama kwa dakika chache, kiache kipumzike, kisha kata vipande. Kipande kimoja cha ngozi yenye mafuta na funda la Madiran, na mara moja unaona kwa nini watu hawa hawakuhitaji mvinyo mwingine.

Jibini gumu la maziwa ya kondoo, Ossau-Iraty, linafanya kazi hiyohiyo. Na kwa anayekula nguruwe, sioni mvinyo wa Kifaransa unaofaa kitimoto kuliko huu. Nyama iliyokaangwa ndani ya mafuta yake, chumvi, ndizi pembeni: Madiran unayakata mafuta yale na kukufungulia hamu upya. Mbavu za ng'ombe zenye mafuta, au mkia uliochemshwa mpaka ukalainika, vinaingia kundi hilohilo.

Muda na bei. Fungua saa mbili kabla, uumimine kwenye jagi upate hewa. Wenye miaka saba au minane unakuwa kiumbe kingine kabisa. Bei ni ya chini ukilinganisha na ubora, ingawa madukani haupatikani kirahisi kama Médoc.

Unamfaa mpenda nyama ya mafuta, mwenye subira. Haumfai anayetaka glasi ya kunywa akiwa anaongea na simu barazani.

Bandol wa Provence, ambao nusu yake au zaidi lazima iwe Mourvèdre na hukaa kwenye mbao angalau miezi 18, ungeweza kuwa wa tano. Nimeuacha kwa sababu ni adimu. Ukiukuta, uweke kati ya Châteauneuf na Madiran: joto la wa kwanza, misuli ya wa pili.

## Pilipili, samaki na ndimu

Pilipili kali ni adui wa yote minne. Kilevi kinauongeza moto wake, na moto unaufanya ukakasi uwe mchungu. Mishkaki iliyorowekwa kwa pilipili nyingi inataka kinywaji baridi na chepesi. Pilipili ikiwa kando kwenye kibakuli, kila mtu ajipimie, tatizo limekwisha.

Samaki na tanini huacha ladha ya chuma mdomoni, hasa samaki wa mafuta na dagaa. Tui la nazi nalo lina utamu unaoufanya mvinyo mkavu uonekane mkali. Usilazimishe.

Kachumbari yenye ndimu nyingi inaufanya mvinyo uonekane umepooza. Isiachwe, maana nyama choma bila kachumbari ni nusu ya chakula, ila punguza ndimu na usiimwage juu ya nyama.

## Joto la chumba

Ushauri wa Ulaya wa kunywa mvinyo mwekundu kwa "joto la chumba" ulitoka kwenye nyumba za mawe zenye baridi. Mivinyo hii inataka nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa kinafika nyuzi 30 bila shida, na Châteauneuf wa asilimia 15 kwenye joto hilo unanuka kilevi kitupu. Tia chupa kwenye friji kama saa moja na nusu kabla ya kumimina. Ukiuzidisha baridi nao unakaza: ukakasi wa Madiran baridi ni kama haujapikwa. Mashapo chini ya chupa kuukuu si uchafu. Isimamishe mapema yatulie, umimine polepole.

## Kwa hali yako

Kama unachoma nyama ya ng'ombe yenye mafuta kwa chumvi tu na wageni wanajali jina lililo kwenye chupa, chukua Haut-Médoc au Cru Bourgeois wa mwaka mzuri.

Kama ni mbuzi, moshi na bajeti ya kawaida, Cahors.

Kama ni kitimoto, bata, mkia au kitu chochote kinachobaki kiking'aa kwenye vidole, Madiran, na uufungue mapema.

Kama ni nyama ya mchuzi iliyoiva polepole, pilau isiyo na pilipili, biringanya au uyoga, au mezani kuna mtu anayekunywa mvinyo mkavu kwa mara ya kwanza, Châteauneuf-du-Pape. Mfuko ukigoma, Vacqueyras.

Kama sahani ni nyingi na kila mtu anakula chake, Cahors wa matuta ya chini au Côtes du Rhône Villages ndio watakaowaudhi watu wachache.

Ukiwa unaishi Ufaransa au Ubelgiji, ngoja maonyesho ya mvinyo ya supamaketi mwezi Septemba; Cahors na Madiran wenye miaka kadhaa hujitokeza hapo kwa bei nzuri.

Na kama unataka kununua wa kuhifadhi lakini huna mahali penye baridi ya kudumu, usinunue Médoc mchanga ukauweke kabatini kwa miaka kumi pwani. Joto litaupika kabla haujakomaa. Tafuta chupa ambayo muuzaji ameshaitunza miaka hiyo mahali pazuri, uinywe mwezi huu.